Pembe Isiyokatwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Karatasi ni vile vipande vya ukingoni ambavyo karakana yetu ya uchapaji hutupa. Ninaandika kwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, na humu nyumbani hakuna mwingine anayeyajua. Mdogo wangu akipitisha kidole hapa ataona upele tu. Mkewe, yaani wifi yangu, ndiye ninayemchunga. Ana macho mawili na udadisi wa watu wanne.

Macho yangu yalichukuliwa na surua nikiwa na miaka sita, kwa hiyo nisionewe huruma, nimekwishazoea. Kazi yangu ni usahihishaji. Vitabu vya shule vya nukta nundu vikitoka mashineni, mimi ndiye ninayevipitia kabla ya kufungwa. Miaka ishirini sijapitisha kosa hata moja. Naliandika hili hapa ili lisomeke.

Jumatano, 5 Machi

Kazini amekuja ofisa wa uchaguzi. Mkoba wake una vifungo vinavyolia tak-tak, na anasema nami kwa sauti ya juu kana kwamba masikio nayo yalikwenda na surua.

Ameleta majalada mia mbili ya kupigia kura. Ni kadi ngumu iliyokunjwa. Siku ya kura karani anaingiza karatasi ya kura katikati, na kwenye uso wa jalada kuna matundu matano, moja kwa kila mgombea. Karakana ichapishe tepe za namba kwa nukta nundu, moja mpaka tano, na kuzibandika kandokando ya matundu. Asiyeona anapapasa namba, anatia alama kwenye tundu lake, basi. Akasema matundu yako upande wa kulia, na kwamba mwaka huu nitaingia peke yangu, bila mtu wa kunishikia kalamu.

Nikamwuliza nani kawatuma. Akacheka, akasema ni sheria, mama. Nikamwambia sheria hiyo ninaijua, ina umri wa mwanafunzi wa darasa la saba, ilikuwa imelala wapi? Vifungo vya mkoba vikalia.

Mtu hakupi kitu bure baada ya miaka yote hiyo. Lazima kuna jambo.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kununua dawa ya presha kwa Sista. Ni muuguzi mstaafu mwenye duka la dawa nyuma ya soko, na kila uchaguzi anagombea udiwani na kila uchaguzi anaanguka. Mimi humpigia kura. Simpigii kwa kuwa atashinda. Mwaka ule nilipolazwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinieleza ninachodungwa kabla ya kunidunga.

Leo alikuwa akijicheka mwenyewe. Akasema anazo karatasi za matokeo za vituo vyote vya safari iliyopita. Hapa alipata kumi na moja, pale saba. "Pale shuleni kwenu nilipata sifuri. Hata kwa bahati mbaya hakuna aliyekosea akanipa."

Nilicheka naye. Nikalipa, nikashika fimbo yangu, nikatoka.

Mimi hupiga kura pale shuleni. Safari iliyopita mdogo wangu aliingia nami kama alivyoingia mara tatu kabla ya hapo, nikamnong'oneza jina la Sista, kalamu ikakwaruza, akasema, "Tayari, dada." Karatasi niliitumbukiza mwenyewe.

Sasa sifuri imetoka wapi?

Jumatatu, 10 Machi

Nimepanga watuhumiwa. Wa kwanza, wahesabu kura walitupa yangu. Wa pili, Sista ananidanganya ili nimwonee huruma. Wa tatu, alama ilikaa vibaya, kura ikaharibika. Wa nne sitaki kumwandika.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Karatasi zimeshika unyevu, nukta zinalala.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na banda lake liko kando ya barabara, kwenye ardhi ya halmashauri. Akirudi hunukia chuma kilichoungua. Leo alipokuwa akinawa nikamwuliza, kama mtu anayepiga soga tu, safari ile kura yangu ilikwenda kwa nani vile?

"Kwa Sista wako," akasema.

Alijibu upesi mno. Mtu akikumbuka huchukua muda kidogo, akikariri hachukui. Halafu akaniuliza kama nimekula, naye alikuwa amenikuta na sahani mkononi.

Jumanne, 18 Machi

Mfungaji vitabu wetu tunamwita Gundi. Anaona vizuri, lakini nukta hazijui hata moja. Kwa sababu hiyo karakana yetu ina desturi yake: kila karatasi inayotoka mashineni hukatwa pembe ya juu kulia, ili Gundi ajue kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Bila hiyo kwake nukta ni nukta tu.

Leo, kabla ya kuanza kubandika, ameniuliza kama akate pembe za tepe na za majalada. Nikafikiri. Jalada lenye pembe iliyokatwa ni jalada lenye alama. Wakitaka kujua wasioona wamempigia nani, si watatazama pembe tu? Nikaona hapo ndipo mtego wao ulipo. Nikamwambia asikate kitu.

Akasema, "Mama, nitajuaje juu ni wapi?"

Nikamwambia atumie akili. Akanyamaza. Gundi akinyamaza ujue ameudhika, maana siku zote anaimba.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepitia majalada yote mia mbili, moja moja. Namba zinasomeka, moja juu, tano chini, kila namba ubavuni mwa tundu lake. Ofisa alisema matundu yako kulia, mimi nimeyakuta kushoto, lakini hao wenye macho ukikaa nao uso kwa uso kulia kwao ni kushoto kwako, na hawana habari. Gundi alitaka kutazama pamoja nami nikamkataza. Kazi hii ni ya vidole, nayo ni siri yetu.

Nimetia sahihi. Ofisa amenipa majalada matano ya kujifunzia, karatasi za mfano zimo ndani tayari. Badala ya wagombea zina picha za matunda: ndizi, embe, nanasi, papai, chungwa, kwa mpango huo kutoka juu.

Jumapili, 23 Machi

Karatasi zangu hizi zinanuka kitunguu. Mimi sipiki. Wifi anapapasa shajara yangu. Hawezi kuisoma, lakini asiyeweza kusoma anaweza kumpelekea anayeweza. Nimeihamishia chini ya godoro.

Jumatano, 26 Machi

Orodha ya wagombea imebandikwa dukani, wako watano kamili. Mdogo wangu amenisomea. Namba mbili ni diwani aliyepo sasa, namba nne ni Sista. Alipofika kwa diwani sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alipofika kwa Sista akakohoa.

Akasema hilo jalada halina haja, yeye yupo, si amenipeleka siku zote? Nikamwambia anipeleke mpaka mlangoni. Akasema, "Haya, dada," na haya ile haikuwa haya ya kukubali.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika yote, hata kama vidole vitauma.

Mchana mvua ilitufungia ndani. Mdogo wangu alikuwa bandani kwake. Mimi nilikaa mezani na majalada, wifi akakaa upande wa pili anachambua mchele. Nilitaka aondoke, lakini chumba kingine kinavuja, ningemfukuzia wapi? Nikachukua jalada la kwanza. Nikajiambia leo ninachagua papai, namba nne. Nikapapasa, nikaipata, nikatia alama ya vema.

Wifi akasema, "Leo umependa embe?"

Nikamwambia ni papai.

"Wifi, hiyo ni embe."

Damu ikanipanda. Nikasema huyu sasa ameanza. Mwezi mzima anachokonoa vitu vyangu, leo anataka nishuku hata vidole vyangu. Nikamwambia vidole hivi vimesoma vitabu vingi kuliko punje za mchele ulio mbele yake. Hakuinua sauti. Akasema basi nipime mwenyewe, nisimwambie ninachotaka, nitie alama tu, naye ataje anachokiona.

Nikatia kwenye moja. Akasema chungwa. Nikatia kwenye mbili, akasema papai. Tatu ikawa nanasi. Nne, kwenye jalada jingine, embe tena. Tano, ndizi.

Nanasi peke yake ndilo lililokuwa kwao.

Nikaweka kalamu chini. Hapo akili ikaanza kuja, nami sikuifurahia. Nikamwambia alishike jalada jinsi anavyoona yeye kwamba limesimama sawa, kichwa cha picha juu. Akalishika. Nikayapapasa matundu, yako kulia kama ofisa alivyosema, na namba zimesimama kichwa chini miguu juu. Tepe zilibandikwa juu chini, bunda zima. Mimi kila nilipolichukua jalada niliona namba zimepinduka nikaligeuza zisomeke, na nikiligeuza karatasi iliyo ndani inageuka nalo. Nne yangu ikawa ya pili kutoka juu. Kidole peke yake kisingegundua, maana kwa kidole namba ni sawa. Jicho peke yake nalo lisingegundua, maana kwa jicho ni upele. Ilihitaji kidole na jicho vikae meza moja.

Na Gundi angejua juu ni wapi kama pembe ingekatwa. Na pembe haikukatwa kwa amri yangu mimi, niliyekuwa nikitafuta mtego wa watu wengine.

Sikumwambia wifi hayo. Nilisema tu kwamba tepe zimegeuka. Akafikiri kidogo, mchele ukasimama.

"Kwa hiyo nne ikiangukia mbili," akasema, "Sista wako anakwenda tena kwa diwani."

Nikamwuliza, "Tena?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema nimwulize mumewe, yeye hataki nyumba ivunjike kwa mdomo wake. Kisha akaanza kulia, taratibu, huku anachambua mchele.

Mwezi huu mzima nilikuwa namchunga mwizi asiye mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo ile nilikuwa nikiishika mkono kila uchaguzi.

Siku hiyo hiyo, jioni

Amerudi. Nilimwacha anawe kwanza. Nikamwuliza safari ngapi.

Hakujifanya haelewi, na hilo namsifu. Akasema safari mbili, hii iliyopita na ile kabla yake. Akasema diwani aliwaita wenye mabanda wote, akawaambia anazijua kura za kila nyumba, na atakayemwangusha asimlaumu tingatinga likipita. Akasema banda lile ndilo linalotulisha sote watatu. "Kura moja haimpi Sista kiti, dada. Lakini ingeweza kuninyima banda."

Nikamwambia, "Ungeniomba, labda ningekupa."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini ni kweli. Ningekasirika, ningemtukana, halafu pengine ningempa, maana ni mdogo wangu na mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Aliiba kitu ambacho angeweza kupewa. Mbaya zaidi ni ile "Tayari, dada." Alikuwa akiisema kwa upole.

Nimelia. Sikutaka kuandika hili, lakini shajara isiyosema kweli ina faida gani.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kazini nimebeba majalada yangu matano kama mtu aliyebeba maiti. Gundi akaita ofisa kwa simu, ofisa akaja, tak-tak. Nikawaonyesha. Gundi akatazama, mimi nikapapasa, wote tukaona kwa namna zetu.

Ofisa akauliza ilikuwaje tepe zisikatwe pembe, si ndiyo desturi yenu?

Gundi akasema, "Nilisahau, bosi."

Nikashtuka. Kwanza nikamshuku, nikajiuliza anataka nini kwangu hata anifichie. Nimezoea hivyo. Kisha nikaona hataki kitu. Alikuwa ananisitiri tu, baada ya mimi kumwambia atumie akili.

Nikasema hapana, ni mimi niliyemkataza. Nikasema na sababu: niliogopa pembe itakuwa alama ya kututambua kwenye sanduku.

Ofisa, kwa sauti ya kawaida kwa mara ya kwanza, akasema jalada haliingii sandukuni. Linabaki mezani. Inayoingia ni karatasi ya kura peke yake, nayo haina pembe ya mtu yeyote. "Mbona hukuniuliza, mama?"

Sikumwuliza kwa sababu nilikwisha kumhukumu kwa vifungo vya mkoba. Sikulisema hilo. Nilisema samahani. Miaka ishirini bila kosa, kisha makosa mia mbili kwa siku moja.

Jumatano, 2 Aprili

Tunabandua tepe. Gundi ameanza kuimba tena, vibaya kama kawaida.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumemaliza. Kila jalada limepita mikononi mwa mtu anayeona na asiyeona, wote wawili wametia sahihi. Pembe zote zimekatwa. Gundi amesema akili yake ndiyo hiyo, inakaa kwenye mkasi.

Jumapili, 6 Aprili

Karatasi zimenuka kitunguu tena. Nimeziacha mezani.

Jumatano, 9 Aprili

Mdogo wangu hasemi nami ila salamu. Ananiandalia fimbo mlangoni kila asubuhi, anaiegemeza ukutani pale pale. Ninaichukua. Sijamwambia asante.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imekatika. Kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Tulikwenda watatu. Mdogo wangu alinishika mkono mpaka mlango wa darasa, kisha akauachia kabla sijauvuta. Karani wa mlangoni akamwambia aingie amsaidie mgonjwa wake. Nikasema hapa hakuna mgonjwa, nataka jalada.

Karani hakulijua. Wakaulizana, madroo yakafunguliwa na kufungwa, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikasema moyoni, nilijua, yote yalikuwa danganya toto. Mwishowe msimamizi akalikuta ndani ya bahasha yake, haijafunguliwa, limekaliwa na daftari la wapiga kura. Akaingiza karatasi. Nikapapasa pembe iliyokatwa, juu, kulia. Namba zimesimama. Matundu yako kulia kwangu mimi mwenyewe.

Karani akanifuata mpaka kwenye kibanda cha siri. Nikamwambia arudi nyuma, namsikia anavyopumua. Akarudi.

Nikabaki peke yangu. Sikuwahi kuwa peke yangu mahali pale. Nilihesabu namba mara tatu, nikasimama kwenye nne, nikatia vema. Halafu shaka ikaja, kwani wino unao? Kalamu isiyo na wino na kalamu yenye wino kwangu hukwaruza sawa. Nikanusa ncha, nikasikia wino. Hata hivyo nikairudia alama kwa nguvu, nikaitoa karatasi, nikapapasa mgongo wake. Vema ilikuwapo, imejitokeza, nikaisoma kwa kidole. Kura yangu ya kwanza niliyoisoma.

Nikaikunja, nikaitumbukiza. Nje mdogo wangu akaniuliza kama tayari. Nikasema tayari.

Jumatatu, 14 Aprili

Matokeo yamebandikwa kwenye geti la shule, geti ambalo mdogo wangu alilichomelea mwenyewe. Tulipita watatu tukitoka sokoni. Wifi akataka kusoma. Nikasema asome mume.

Akasoma kwa mpango wa orodha. Diwani kura mia tatu na zaidi, amepita, kama kawaida. Namba tatu, hamsini na ngapi sijui. Kisha akakohoa.

"Sista," akasema. "Mbili."

Sikutembea. Niliihesabu yangu moja. Mdogo wangu naye alikuwa akihesabu, nilimsikia anavyovuta pumzi. Ndevu zake hukwaruza kola anapogeuza kichwa, na zilikwaruza upande aliosimama mkewe.

"Dada," akasema polepole, "moja ni yako. Nyingine ni ya nani?"

Wifi alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akanishika kiwiko, na vidole vyake vilinuka kitunguu.

"Kura ni siri, mdogo wangu," nikamwambia. "Twende, jua linawaka."